Cierra au cerrá? Mlango mmoja, amri mbili za Kihispania

Ubishi ulianzia kwenye kibanda cha kuchajia simu, mtaa wa Katindo hapa Goma. Kijana mmoja anayejifunza Kihispania kwa programu ya simu alimwita mdogo wake kwa madaha: *ven!* Yaani njoo. Mzee aliyekaa pembeni, ambaye zamani alikuwa akifulia nguo wanajeshi wa Uruguay wa MONUSCO, kikosi cha Umoja wa Mataifa hapa Kongo, akaangua kicheko.

"Haiko *ven*, kijana. Ni *vení*. Mimi niliishi na hao watu."

"Papa, angalia mwenyewe, imeandikwa *ven*."

"Hiyo simu yako iliwahi kuishi na mtu wa Uruguay?"

Watu wakagawanyika pande mbili. Mtu akauliza "funga mlango" ni nini basi. Kijana akasema *cierra la puerta*, mzee akasema *cerrá la puerta*, na mwanafunzi mmoja aliyekuwa anasoma kitenzi *cerrar* kwenye kamusi akauliza hiyo *i* ya *cierra* ilitoka wapi, maana kwenye kamusi haipo. Mimi nafundisha Kifaransa, na nilikuwa nasubiri betri ijae, kwa hiyo macho yote yakanigeukia. Niliwaambia kwamba wote wawili wako sahihi. Hakuna aliyefurahi.

Hapa nitaeleza kwa utulivu nilichoshindwa kueleza pale kwa makelele ya jenereta.

Kwanza tuelewane maneno. Amri ni neno unalomwambia mtu afanye jambo: njoo, keti, funga. Nazungumzia amri za kutaka jambo lifanyike tu. Makatazo, kama "usifunge", Kihispania huyapitisha njia nyingine, na tukiyaingiza hapa tutalala njiani. Mzizi ni sehemu ya kitenzi inayobaki ukishaondoa mapambo. Sisi tunakata kichwa: *kufunga*, ondoa *ku-*, inabaki *funga*. Kihispania kinakata mkia: vitenzi vyake kwenye kamusi huishia na *-ar*, *-er* au *-ir*, na ukishaondoa mkia huo umebaki na mzizi. *Hablar* ni kusema, mzizi wake *habl-*. *Comer* ni kula, mzizi *com-*. *Abrir* ni kufungua, mzizi *abr-*.

Amri kwa mtu mmoja unayemzoea, yule ambaye Kifaransa kingemwita *tu* na Kihispania kinamwita *tú*, haina shida yoyote. Unachukua neno lilelile la "yeye anafanya" na kulitamka kama amri. *Habla* ni anasema, na *habla!* ni sema! *Come* ni anakula, na *come!* ni kula! *Abre* ni anafungua, na *abre!* ni fungua! Neno moja, kazi mbili.

Sasa njoo kwenye *cerrar*. Kwa hesabu hiyo tungetegemea *cerra*. Lakini "anafunga" kwa Kihispania ni *cierra*, basi na amri ni *cierra*. *Volver*, kurudi, inatoa *vuelve*. *Pedir*, kuomba au kuagiza kitu, inatoa *pide*. *Jugar*, kucheza, inatoa *juega*. Hivi ndivyo vitenzi vinavyoitwa vya kubadili mzizi: *e* inakuwa *ie*, *o* inakuwa *ue*, nyingine *e* inakuwa *i* tu, na *u* ya *jugar* inakuwa *ue*, ingawa *jugar* haina mwenzake katika hilo.

Wengi wakifika hapa wanakata tamaa na kusema ni ya kukariri tu, haina sababu. Sababu ipo, na nadhani msemaji wa Kiswahili ana nafasi nzuri ya kuielewa kuliko wengine, kwa kuwa anaifanya kila siku mezani.

Tamka taratibu: *ce-RRAR*. Nguvu ya sauti, ule mkazo, iko mwishoni. Sasa tamka *CIE-rra*. Mkazo umerudi nyuma na kukalia mzizi. *Vol-VER*, halafu *VUEL-ve*. Vokali ya mzizi ikiwa haijabebeshwa mkazo inatulia kama ilivyo. Ikibebeshwa, inapasuka vipande viwili. Hiyo ndiyo siri karibu yote.

Sasa angalia kitenzi chetu cha *kula*. Mzizi wake ni *-la*, silabi moja. Kiswahili sanifu kinaweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, kwa hiyo *la!* peke yake haiwezi kusimama, haina pa kuweka mkazo. Ndiyo maana amri yake ni *kula!* na ile *ku-* inabaki kushika mzigo. Lakini ukisema kwa upole *ule*, silabi ya *u-* inabeba mkazo yenyewe, *ku-* inatoweka. *Anakula* ina *ku-*, *hali* haina. Hatukufundishwa na mtu kukariri orodha ya mahali *ku-* inapobaki na mahali inapoondoka, sikio linajua. (Najua, najua: mitaani kwetu tunasema *ukule* na *tukule*, na chakula kinashuka vizuri tu. Nazungumzia Kiswahili cha vitabuni.) Kihispania hakifanyi jambo hilohilo, ila kanuni iliyo chini yake ni ndugu: umbo la kitenzi linafuata mkazo unapokaa.

Na kama umepita shule ya hapa, jambo hili limeshakutesa kwa Kifaransa pia. *Je viens*, lakini *nous venons*. *Je meurs*, lakini *nous mourons*. *Je peux*, lakini *nous pouvons*. Mwalimu aliziita ngumu, tukaziogopa, na hakuna aliyetuambia kwamba Kifaransa na Kihispania vimerithi ugonjwa huo kwa mama mmoja, Kilatini. Katika Kilatini kulikuwa na *e* fupi na *e* ndefu, *o* fupi na *o* ndefu. Huko Hispania zile fupi zilipokaa chini ya mkazo zilipasuka. *Terra* ikawa *tierra*, ardhi. *Porta* ikawa *puerta*, mlango.

Wapenda mpira wanayo tayari masikioni. Mtangazaji wa mechi ya Hispania akisema shuti limekwenda *a puerta*, amesema limelenga goli. Mlinda lango anaitwa *portero*. Mbona mmoja ana *ue* na mwingine ana *o*, wakati ni neno moja? Tamka: *PUER-ta*, *por-TE-ro*. Mkazo umehama, vokali imepoa. Vivyo hivyo *siete* ni saba lakini *setenta* ni sabini, na *nueve* ni tisa lakini *noventa* ni tisini. Kumbe kubadilika huku si tabia ya vitenzi peke yake, ni tabia ya lugha nzima, na vitenzi vinaonekana wakorofi kwa sababu tu vinahamisha mkazo kila mara.

Hapo linazaliwa kosa la upande wa pili. Mtu akishaonja *cierra* na *vuelve*, anaanza kupasua kila *e* na kila *o* anayokutana nayo. *Beber*, kunywa, anaitamka *biebe*. *Correr*, kukimbia, anaitamka *cuerre*. Hapana. Ni *bebe*, ni *corre*. Vokali zilizotokana na *e* na *o* ndefu za Kilatini, au na *i* na *u* fupi kama hizi za *beber* na *correr*, hazikupasuka, na leo zinaandikwa sawasawa na zile zilizopasuka, kwa hiyo jicho haliwezi kuzitofautisha kwenye kamusi. Ndiyo maana kamusi nzuri huweka alama kando ya kitenzi: *cerrar (ie)*, *volver (ue)*, *pedir (i)*. Ukijifunza kitenzi, jifunze na alama yake, kama unavyojifunza jina la mtu pamoja na la baba yake.

Kuna ujanja mmoja ambao mimi unanisaidia zaidi ya kamusi. Tafuta jina linalotokana na kitenzi hicho. Mchezo ni *juego*, basi *jugar* itatoa *juega*. Hadithi ni *cuento*, basi *contar*, kusimulia, itatoa *cuenta*. Chakula cha mchana ni *almuerzo*, basi *almorzar* itatoa *almuerza*. Serikali ni *gobierno*, basi *gobernar* itatoa *gobierna*. Ujanja huu hautoshi kila mahali: *defensa* haina *ie* lakini *defender* inatoa *defiende*. Ila unaposhindwa kukumbuka, jina ni shahidi mzuri.

Tuje kwenye adabu, maana Kihispania kama Kiswahili kinatofautisha unayemwamrisha. Mtu wa heshima, mgeni, mzee usiyemzoea, ni *usted*. Hapa wasemaji wa Kifaransa wanateleza. *Vous* yetu ya Kifaransa ni ya heshima na pia ya wengi, tumeizoea ikifanya kazi zote mbili. *Usted* ni mtu mmoja tu. Wakiwa wengi ni *ustedes*. Neno lenyewe ni ufupisho wa *vuestra merced*, kitu kama "utukufu wako", ndiyo maana linakwenda na kitenzi cha "yeye", kama vile unamsema mtu asiyekuwepo. Na sisi tunayo hiyo: mgeni mkubwa akiingia ukumbini, mshereheshaji hasemi *keti*, anasema "mheshimiwa aketi".

Umbo la *usted* linageuza vokali ya mwisho. Vitenzi vya *-ar* vinatoka *a* kwenda *e*: *cierra* inakuwa *cierre*. Hebu sikia Kiswahili: *funga* inakuwa *ufunge*. Ni sadfa tupu, hizi lugha hazina undugu, lakini ni sadfa ya kutumia. Ukitaka kuwa na adabu, maliza na *e*. Vitenzi vya *-er* na *-ir* vinafanya kinyume, vinatoka *e* kwenda *a*: *vuelve* inakuwa *vuelva*, *pide* inakuwa *pida*. Mzizi haugusiki, umebaki umepasuka vilevile, kwa kuwa mkazo haukuhama. Kwa wengi ongeza *n*: *cierren*, *vuelvan*, *pidan*. Amerika ya Kusini hapo umemaliza, wengi wote ni *ustedes*, wawe marafiki au wageni.

Wakati mwingine herufi zinasogezwa ili sauti isiharibike. *Empezar*, kuanza, inatoa *empieza* kwa rafiki na *empiece* kwa mheshimiwa. *Jugar* inatoa *juega* na *juegue*. Mtu aliyewahi kuandika *nous mangeons* akiwa na ile *e* isiyosomwa hahitaji maelezo zaidi.

Jikoni ndiko nilikoona vitenzi hivi vimejazana kuliko mahali popote. Chukua sambaza, wale samaki wadogo wa ziwa Kivu. Pasha mafuta: *calienta el aceite*, kutoka *calentar*. Kaanga sambaza: *fríe*, kutoka *freír*. Chemsha maji ya bugali: *hierve el agua*, kutoka *hervir*. Koroga: *remueve*, kutoka *remover*. Onja chumvi: *prueba*, kutoka *probar*. Pakua: *sirve*, kutoka *servir*. Na vyombo baadaye, maana mtu wa kuviosha lazima apatikane: *friega*, kutoka *fregar*. Vitenzi saba na vyote vimebadili mzizi. Ukiandika maelekezo hayohayo kwa heshima ya *usted* utapata *caliente, fría, hierva, remueva, pruebe, sirva, friegue*. Na hapo pana kichekesho, kwa kuwa *caliente* pia ni "moto" na *fría* pia ni "baridi". Mpishi mgeni akisoma haraka atadhani anaambiwa chakula kiwe moto na baridi kwa wakati mmoja.

Sasa mzee wetu wa Katindo. Ili tumwelewe, twende Hispania kwanza. Kule, ukiamrisha marafiki wengi, unatumia *vosotros*, na amri yake ni rahisi kuliko zote: toa *r* ya mwisho, weka *d*. *Cerrad*, *volved*, *pedid*, *dormid*. Mzizi haukubadilika. Kwa nini? Tamka: *ce-RRAD*, *vol-VED*. Mkazo uko mwishoni, mzizi umepumzika.

Karne nyingi zilizopita palikuwa na neno *vos*, lililotumika kama *vous* ya Kifaransa, hata kwa mtu mmoja wa kuheshimiwa. Hispania ililiacha. Lakini upande wa pili wa bahari, Uruguay, Argentina na nchi nyingine kadhaa, *vos* ilibaki, na sasa si ya heshima tena, ni ya mtu wa karibu, mshikaji wako. Amri yake imetokana na ile ya *cerrad*, imedondosha *d* tu: *cerrá*. *Volved* ikawa *volvé*. *Pedid* ikawa *pedí*. Na *venid* ikawa *vení*. Mkazo bado uko mwishoni, na ile alama juu ya vokali inakuonyesha hivyo. Kwa hiyo mzizi haupasuki. Waliozoea kusema wanajeshi wale walikuwa wanaongea Kihispania cha kambini, au cha watu wasiosoma, wamewaonea bure. *Cerrá* ya Montevideo inafuata kanuni ileile ya *cierra*. Ni ushahidi kwamba kanuni ni ya kweli.

Tena kwa mwanafunzi, *vos* ni neema. Ile mapishi yetu inakuwa *calentá, freí, herví, remové, probá, serví, fregá*. Huna haja ya kujua nani anapasuka na nani hapasuki. Tatizo ni kwamba ukienda nayo Madrid watakuelewa lakini watakuuliza umefika lini kutoka Buenos Aires. Na Guinea ya Ikweta, ambako Kihispania ni lugha rasmi hapahapa Afrika, watakuangalia vilevile.

Nikisema kanuni ya mkazo inaeleza karibu yote, hiyo "karibu" ina deni. "Tufunge" ni *cerremos* na "turudi" ni *volvamos*: mkazo umeondoka kwenye mzizi, vokali imerudi kawaida, safi kabisa. Lakini "tulale" ni *durmamos*, si *dormamos*, na "tuombe" ni *pidamos*, si *pedamos*. Mkazo hauko kwenye mzizi, na bado mzizi umebadilika. Ni vitenzi vya *-ir* tu vinavyofanya ukaidi huo. Historia yake ni ndefu na haitakusaidia kuagiza chai. Shika hivi: kwa *-ar* na *-er*, amini mkazo; kwa *-ir*, kwenye "sisi" tarajia *u* au *i*.

Deni la pili ni vifupi. *Venir*, kuja, na *tener*, kuwa na kitu au kushika, ni vya kubadili mzizi: anakuja ni *viene*, ana ni *tiene*. Tungetegemea amri *viene* na *tiene*. Badala yake ni *ven* na *ten*, vimekatwa hadi mfupa. *Decir*, kusema jambo, ni *dice* kwa "anasema" lakini *di* kwa amri. Viko vingine vya namna hiyo, *pon* weka, *sal* toka, *haz* fanya, vinane kwa jumla ukihesabu na *ve* nenda na *sé* uwe. Ni maneno yanayotumika mara elfu kwa siku, na neno linalotumika sana huchakaa au hukataa kufuata wengine. Sisi wenyewe kitenzi *kuja* tunakiamrisha *njoo* vitabuni, na *kuya* mtaani. Anayetaka kutucheka kwa hilo acheke.

Kwa hiyo kijana na *ven* yake, mzee na *vení* yake: kitenzi kimoja, na kila mmoja ameshika tawi lake.

Kilichobaki ni vile vineno vinavyogandamana na amri. Kiswahili tunaweka mbele, *ifunge*, *nioneshe*, *unipe*. Kihispania kinabandika nyuma: *cierra* pamoja na *la*, yaani mlango huo, inatoa *ciérrala*. *Muestra* na *me* inatoa *muéstrame*, nionyeshe. *Sienta* na *te* inatoa *siéntate*, keti. Alama inaongezwa juu ya vokali ili mkazo usiteleze kwenda mbele baada ya neno kurefuka. Mzizi unalindwa. Kwa watu wa *vos* mambo yanakwenda upande wa pili: *cerrá* ikiongezwa *la* inatoa *cerrala*, *mostrá* na *me* inatoa *mostrame*, na alama inaondoka, kwa kuwa mkazo sasa umeangukia silabi ya pili kutoka mwisho, mahali pake pa kawaida kwa Kihispania, na pa kawaida kwa Kiswahili pia. Mzee alipotamka *sentate* ilisikika kama neno la hapahapa kwetu.

Alikuwa bado anaitamka, na kijana akimjibu *siéntate*, kila mmoja akimwamuru mwenzake aketi na hakuna aliyekaa, jenereta lilipozimika. Mwenye kibanda akatoa simu zetu moja moja. "Bapapa," akasema, "muende kwenu, minafunga."